Kondo la mvulana, kondo la msichana na sukari ya mama

Mtoto akishatoka, akalia, akafutwa na kuwekwa kifuani kwa mama yake, kazi ya mkunga inakuwa bado. Anasubiri kondo la nyuma. Likitoka analilaza kwenye trei, analigeuza upande uliokuwa umeshikamana na ukuta wa mji wa mimba, anapitisha vidole kwenye vipande vyake 15 hadi 20 hivi kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani, anautazama utando, kisha anaangalia mkato wa kitovu na kuhesabu mishipa: ateri mbili, vena moja. Vyote vikiwa sawa anaandika kwenye jalada kwamba limetoka lote. Baada ya hapo kondo linakwenda kwenye shimo lake nyuma ya zahanati, au linafungwa kwenye kitambaa ndugu wakalizike nyumbani.

Sina ugomvi na mkunga. Ukaguzi ule unaokoa roho za watu, maana kipande kikibaki ndani mama anaweza kuvuja damu mpaka akafa. Ugomvi wangu ni na sisi wengine, waandishi wa afya na hata watafiti wengi tu, tuliozoea kulisimulia kondo kama njia ya kupitishia chakula: kinaingia huku, kinatokea kule. Ukilichukulia hivyo, kisukari cha mimba kinakuwa hesabu nyepesi. Sukari ya mama imepanda, mtoto amenenepa, sukari ishushwe, mambo yaishe. Lakini kondo ni kiungo cha mtoto, kina kazi zake na hila zake, na kina jinsia ya mtoto mwenyewe. Ushahidi uliokusanyika katika miaka 20 hivi iliyopita unaonyesha kuwa kondo la mvulana na la msichana hayaikabili shida kwa namna moja. Msimamo wangu ni kwamba jambo hilo litubadilishie namna ya kufanya utafiti, ila lisimbadilishie mjamzito hata mmoja matibabu yake ya leo.

Kwanza tukubaliane kondo ni la nani. Siku ya 5 hivi baada ya yai kurutubishwa, kabla mimba haijajishikiza, seli zinakuwa zimeshagawana kazi. Za ndani ndizo zitakazokuwa mtoto. Za nje ndizo zitakazojenga sehemu kubwa ya kondo. Zote zimetokana na yai lilelile na mbegu ileile, kwa hiyo mtoto akiwa na kromosomu X na Y, kondo nalo lina X na Y. Mama aliyebeba mvulana anaishi miezi yote ile na kiungo ambacho mimba ikitimia kina uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimita 20 hivi, na seli zake nyingi zina kromosomu ambayo yeye hana. Ndani ya kiungo hicho vijitawi vidogo mno vimezama katika damu ya mama, na ukivitandaza vyote unapata eneo la zaidi ya meta 10 za mraba. Hapo ndipo damu mbili zinapokaribiana bila kuchanganyika.

Tofauti za jinsia zinaanza mapema. Homoni ya hCG, ile inayosomwa na kipimo cha mkojo cha kujua mimba, inatengenezwa na kondo, na kwa wastani huwa juu zaidi kwa mama mwenye mimba ya msichana. Kwa wastani, nasema. Asije mtu akanunua vipimo vitatu duka la dawa ili ajue aanze kununua nguo za rangi gani.

Kisukari cha mimba chenyewe kinatokana kwa kiasi kikubwa na kondo. Kadiri mimba inavyokua, kondo linamwaga kwenye damu ya mama homoni kadhaa: laktojeni ya kondo, homoni ya ukuaji ya kondo, projesteroni. Homoni hizo zinaifanya misuli na mafuta ya mama yaikaidi insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, ili glukosi, yaani sukari hiyo, isiishie kwake, izidi kuzunguka imfikie mtoto. Mama mwenye kongosho lenye akiba anaongeza insulini maradufu au zaidi na maisha yanaendelea. Asiye na akiba hiyo sukari yake inapanda. Ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kondo likiwa limekua kiasi cha kuonyesha makali yake. Na ndiyo maana kwa wanawake wengi sukari hushuka ndani ya siku chache tu baada ya kondo kutoka. Tatizo si dogo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kati ya kila watoto 6 wanaozaliwa hai duniani, mmoja alikuwa tumboni mwa mama mwenye sukari iliyozidi, na asilimia 80 hivi ya akina mama hao walikuwa na kisukari cha mimba. Waliobaki walikuwa na kisukari cha kudumu, kilichojulikana kabla ya kushika mimba au kilichogunduliwa humohumo.

Hoja inayofundishwa hadi leo kuhusu mtoto wa mama mwenye kisukari iliwekwa na daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen miaka ya 1950. Glukosi huvuka kondo kirahisi. Kuna protini ya kuivusha iitwayo GLUT1 ambayo haisubiri amri ya insulini. Sukari inatoka ilikozidi kwenda ilikopungua. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto anafikiwa na sukari ya mama bila kufikiwa na dawa yake, na kongosho lake changa linalazimika kutoa insulini yake lenyewe. Kwa mtoto aliye tumboni insulini inakuza mwili, na mafuta yanajaa zaidi mabegani na kiunoni kuliko kichwani.

Huku kwetu matokeo yake hupokelewa kwa vigelegele. Kilo nne na nusu! Mama anasifiwa kwamba amekula vizuri, mtoto anabatizwa jina la Bonge kabla hajapewa la ukoo, picha zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mkunga anaujua upande wa pili: kichwa kimetoka, bega limekwama nyuma ya mfupa wa kinena, na dakika zinakimbia. Anajua pia kwamba saa moja au mbili baadaye Bonge anaweza kuanza kutetemeka au kulegea, kwa sababu kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekatika ghafla, na insulini ya mtoto bado iko juu ikiendelea kuitafuna ile kidogo iliyobaki. Ndiyo sababu ya kumtoboa kisigino na kumpima, na ya kumweka ziwani mapema hata kama mama amechoka. Si kila mtoto mkubwa ametokana na kisukari, kuna koo za watu wakubwa tangu mababu. Ila mama aliyejifungua mtoto wa uzito huo na hajawahi kupimwa sukari hata mara moja, pongezi zake zingetanguliwa na kipimo.

Kondo nalo linanenepa. Mara nyingi la mama mwenye kisukari huwa zito kuliko kawaida, hata ukilipima kwa kulinganisha na uzito wa mtoto wake. Ukilitazama kwa hadubini unakuta mishipa midogo ya damu ya mtoto imerundikana kwenye vijitawi. Geoffrey Altshuler wa Marekani mwaka 1984 aliweka kanuni ya kuutambua mrundikano huo, ambayo wataalamu wa patholojia bado wanaitumia: vijitawi 10, kila kimoja kikiwa na mishipa 10 au zaidi, katika sehemu 10 za kondo. Mishipa hiyo haioti kwa ajili ya urembo. Insulini nyingi ya mtoto inauchochea mwili wake uunguze sukari, na kuunguza sukari kunadai oksijeni. Wakati huohuo himoglobini ya mama iliyogandwa na sukari inaing'ang'ania oksijeni, haiiachii kirahisi. Mtoto anabanwa pande zote mbili. Mwili wake unatoa erithropoietini kwa wingi, chembe nyekundu zinaongezeka, kondo linaotesha mishipa. Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huzaliwa na damu nzito, halafu baada ya siku mbili tatu wanapata manjano, na akiba yao ya madini ya chuma inakuwa imepungua kwa sababu imeshatumika kutengeneza hizo chembe za ziada.

Pamoja na ukubwa huo wote, kondo lenyewe linaweza kuwa dhaifu. Baadhi ya vijitawi vinabaki vichanga, tabaka la kutenganisha damu mbili linabaki nene, na oksijeni inasafiri mbali zaidi kumfikia mtoto ambaye mahitaji yake yameongezeka. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari kutotaka mama ambaye sukari yake imeshindwa kutulia apitilize tarehe ya kujifungua. Mtoto anaweza kufia tumboni akiwa mnene na aliyekomaa, familia ikabaki inauliza ilikuwaje mtoto mwenye afya vile.

Wakati wa kuanza kwa sukari nao una uzito wake. Mwenye kisukari tangu kabla ya mimba, kondo lake linajengwa ndani ya sukari kuanzia siku ya kwanza, wakati linapotafuta kuipenya na kuipanua mishipa ya mji wa mimba. Huyo anaweza kupata kifafa cha mimba, na kama mishipa yake imeshaharibika anaweza hata kujifungua mtoto mdogo kuliko kawaida, kinyume kabisa na Bonge wetu. Kisukari cha mimba kinalikuta kondo limeshasimama. Gernot Desoye na wenzake wa Graz, Austria, walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote: mwanzoni mwa mimba vipokezi vya insulini vya kondo viko zaidi upande unaotazama damu ya mama, na mwishoni vingi viko kwenye mishipa ya mtoto. Yaani mwanzoni insulini ya mama ndiyo inayoliamuru kondo, na mwishoni ni ya mtoto. Na huyo anayeamuru mwishoni ni mvulana au msichana.

Wavulana wanazaliwa wazito kuliko wasichana kwa gramu 100 na zaidi kidogo. Hilo kila mkunga analijua. Linalojulikana kidogo ni bei yake. David Barker wa Uingereza na wenzake waliokuwa Finland, wakipitia kumbukumbu za watu waliozaliwa Helsinki kati ya 1934 na 1944, walihitimisha mwaka 2010 kwamba wavulana wanakua haraka tumboni huku kondo lao likifanya kazi karibu na ukomo wake. Ni gari linalokimbia bila tairi la akiba: barabara ikiwa nzuri linafika mbele ya wenzake, likikanyaga msumari halina pa kukimbilia. Takwimu za uzazi zinalingana na picha hiyo. Duniani wanazaliwa wavulana 105 hivi kwa kila wasichana 100, lakini hatari ya mvulana kufia tumboni iko juu kwa karibu asilimia 10 kuliko ya msichana, wavulana wengi zaidi wanazaliwa njiti, na kati ya njiti wa wiki zilezile mvulana ndiye anayehangaika zaidi na pumzi kwa sababu mapafu yake yanachelewa kukomaa. Hapo ongeza kwamba insulini nyingi nayo huchelewesha kukomaa kwa mapafu. Mvulana njiti wa mama ambaye sukari yake haikudhibitiwa anabeba mizigo miwili kwenye mapafu yaleyale.

Mfano ulionishawishi zaidi hautoki kwenye kisukari, unatoka kwenye pumu. Vicki Clifton wa Australia alifuatilia wajawazito wenye pumu akakuta kwamba mama akiugua, msichana aliye tumboni hupunguza mwendo wa kukua, anabana matumizi. Mvulana anaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea. Shambulio la pili likija, mvulana ndiye anayeumia: anadumaa, anazaliwa mapema, au anakufa. Kama kondo la msichana linasikiliza hali ya hewa na la mvulana linaipuuza, basi kusema "kondo" bila kusema la nani ni kuchanganya hesabu za watu wawili kwenye daftari moja.

Tukirudi kwenye sukari, uhusiano unakwenda pande zote mbili: mtoto anamgusa mama, na mama anamgusa mtoto. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mama mwenye mimba ya mvulana ana uwezekano wa kupata kisukari cha mimba ulio juu kwa asilimia 4 hivi. Ravi Retnakaran wa Toronto aliona jambo hilohilo katika kumbukumbu za jimbo la Ontario, na katika vipimo vya karibu zaidi akaona kwamba kongosho la mama aliyebeba mvulana linaitikia sukari kwa unyonge kidogo. Kitu fulani kutoka kwa mtoto, na njia pekee ya kupitia ni kondo, kinamfikia mama na kumwongezea mzigo.

Kabla hujamtumia shangazi ujumbe kuhusu hilo, fanya hesabu. Tuseme kati ya wajawazito 1,000 wenye wasichana, 100 wanapata kisukari cha mimba. Kwa wenye wavulana watakuwa 104. Kwa mwanasayansi tofauti hiyo ni dalili ya kitu kikubwa kilichojificha. Kwa mama mmoja aliyekaa kwenye benchi la kliniki haina maana yoyote. Unene, umri, kisukari kwenye familia na mimba zilizopita vina uzito mkubwa mno kuliko hizo nne.

Kwa upande wa mtoto mambo yanapinda zaidi. Vipimo vya damu ya kitovu nchini Uingereza vilionyesha kwamba wasichana wanazaliwa na insulini nyingi kuliko wavulana ingawa ni wepesi kuliko wao. Maana yake miili yao inaikaidi insulini tangu tumboni, inahitaji nyingi ili ikue kidogo. Sasa chukua mvulana, ambaye insulini kidogo inamtosha kukua, mmiminie sukari. Chukua msichana, mmiminie sukari ileile. Ukitegemea kondo mbili zitoke zikifanana utakuwa hujajiuliza swali.

Kuna fununu pia ya namna mambo yanavyofanyika ndani ya seli. Kwenye kromosomu X kuna jeni iitwayo OGT, ambayo protini yake inabandika alama kwenye protini nyingine, na alama hiyo inatengenezwa kutokana na glukosi. Sukari ikipanda au kushuka, ubandikaji nao unabadilika, kwa hiyo seli inajua hali ya chakula ilivyo. Kwa kawaida mwanamke hunyamazisha X yake moja, lakini kwenye kondo jeni hii haikubali kunyamazishwa, hivyo kondo la jike linakuwa na karibu maradufu ya la dume. Tracy Bale wa Marekani alionyesha kwa panya kwamba kiwango hicho kinaamua namna kondo linavyoukabili msongo wa mama. Ni panya, na ilikuwa ni msongo, haikuwa kisukari; nisingejenga nyumba juu yake. Lakini kihisi cha sukari kinachokaa kwenye kromosomu ya jinsia ni kitu ambacho mtafiti wa kisukari cha mimba hapaswi kukipita kama hakukiona.

Ukitarajia baada ya hapa nikupe orodha ya kisukari kinalifanya nini kondo la mvulana na nini la msichana, utachoka kusubiri. Tafiti zinapingana. Moja inakuta mabadiliko mengi ya jeni kwenye kondo za wasichana, nyingine kwenye za wavulana. Moja inaona uzito umeongezeka kwa hawa, nyingine kwa wale. Nadhani kosa haliko kwenye kondo. Tafiti nyingi zina kondo 20 au 40, ukizigawa kwa jinsia unabaki na kiganja kimoja kila upande. Wamama waliotibiwa kwa chakula tu wanawekwa kapu moja na waliodungwa insulini na waliomeza metformini, ilhali metformini inavuka kondo na insulini haivuki. Wembamba wanachanganywa na wanene, ingawa unene peke yake unalibadilisha kondo. Na kipande cha kondo kinasagwa chote pamoja, wakati watafiti wa Graz walishaonyesha mwaka 2013 kwamba tofauti za jinsia katika seli za nje zinazogusana na damu ya mama si zile zinazoonekana kwenye seli za mishipa ya mtoto. Ukisaga vyote pamoja tofauti zinafutana.

Jambo linaloniudhi zaidi ni mtindo wa kusema kwamba "jinsia ya mtoto imezingatiwa". Ukisoma ndani unakuta imeondolewa kwenye hesabu kitakwimu, kama vumbi linalofutwa mezani, wakati ndiyo ingekuwa swali. Kuzingatia kungekuwa kuwapima wavulana peke yao, wasichana peke yao, na kuonyesha majibu ya pande zote mbili hata kama hayafanani na yalivyotarajiwa.

Sisi tuna la kuchangia kuliko tunavyodhani. Kondo za Afrika Mashariki zimeshaifundisha dunia. Miaka ya 1990 Patrick Duffy na Michal Fried, wakifanya kazi Kisumu, waligundua namna vimelea vya malaria vinavyonasa ndani ya kondo kwa kujishika kwenye sukari fulani ya kimuundo iliyomo humo, na baadaye kazi hiyo ikaendelea Muheza, Tanga, kwa miaka mingi. Kutokana na ugunduzi huo yakaja majaribio ya chanjo ya malaria ya wajawazito. Kondo ambazo zingeishia shimoni zilipimwa, zikakatwa, zikahifadhiwa. Kwa kisukari hatujafanya hivyo kwa kiwango kama hicho. Utafiti mkubwa wa HAPO uliochapishwa mwaka 2008, ambao ndio msingi wa viwango vya sukari vinavyotumika leo, uliwafuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, na hakuna hata kituo kimoja kilichokuwa Afrika. Kulipima uzito kondo hakuhitaji maabara. Mizani ya watoto ipo wodini. Uzito wa kondo, jinsia ya mtoto, jibu la sukari ya mama na aina ya tiba, mistari minne kwenye jalada la uzazi katika hospitali chache za rufaa, ingetupa ndani ya miaka michache kitu ambacho maabara za Ulaya zenye kondo 40 haziwezi kukipata.

Kliniki, hata hivyo, ibaki kama ilivyo kuhusu jinsia. Hakuna mwongozo wa tiba unaotenganisha mjamzito wa mvulana na wa msichana, na kwa ushahidi uliopo hautakiwi kuwepo. Pengo la kliniki liko kwingine, na ni la aibu zaidi: wajawazito wengi bado wanapimwa sukari kwa kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Figo za mjamzito huvujisha sukari hata ikiwa ya kawaida kwenye damu, na kuna wenye kisukari cha mimba ambao mkojo wao hauonyeshi kitu. Kijiti kinamtisha asiyeumwa na kumruhusu anayeumwa arudi nyumbani. Kipimo chenyewe ni kunywa glukosi gramu 75 asubuhi kabla ya kula na kutolewa damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, sukari ya milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili inatosha kusema ni kisukari cha mimba. Kutibu kunalipa. Jaribio la Australia la mwaka 2005, lenye wanawake 1,000, lilipunguza madhara makubwa kwa watoto kutoka asilimia 4 hadi 1, na tiba ilikuwa ushauri wa chakula, kujipima sukari, na insulini kwa waliohitaji. Wavulana na wasichana pamoja.

Nina wasiwasi mwingine, wa mtaani. Habari hizi zikifika kwenye vijiwe zitageuzwa. Mama aliyepata kisukari akijifungua msichana ataulizwa kwa nini. Akijifungua mvulana ataambiwa avumilie, dume lina gharama zake. Wapo wanaume wanaokwenda altrasaundi na swali moja tu mdomoni, na sayansi hii isiwape swali la pili. Jinsia ya mtoto inaamuliwa na mbegu ya baba, hilo lilishafundishwa darasani na likasahaulika getini. Kama kuna wa kulaumiwa kwa zile kesi 4 kati ya 1,000, njia inaishia kwa mzee mwenyewe.

Kuna jibu moja la Ontario ambalo lingefaa kutumika mapema zaidi kuliko mengine. Wanawake waliopata kisukari cha mimba wakiwa na mimba ya msichana walielekea kwenye kisukari cha aina ya pili haraka kidogo kuliko waliokuwa na wavulana. Inashangaza mpaka ufikirie: mvulana anaongeza mzigo kupitia kondo, kwa hiyo baadhi ya wamama wanaangushwa na mzigo huo na wakishaushusha wananyanyuka. Aliyeangushwa bila mzigo huo, udhaifu ulikuwa wake mwenyewe, na haukutoka na kondo. Tofauti ni ndogo, na sitaki mama wa mvulana aambiwe yuko salama, kwa sababu uchambuzi uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2020 ulikuta kwamba aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili karibu mara 10 ya asiyewahi. Wote wanatakiwa kupimwa tena ndani ya miezi mitatu hivi ya kwanza baada ya kujifungua. Wengi hawarudi, sukari imeshuka, mtoto analia, nauli haipo. Lakini kuna siku ambazo mama hakosi kliniki. Mtoto anachomwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, Tanzania na Kenya. Mtoto anapandishwa kwenye mizani, kadi inajazwa, foleni inasogea. Mama aje bila kunywa chai siku ya chanjo ya wiki ya 6 au ya 10, apewe glukosi yake gramu 75 mara tu anapofika, na foleni ile ndiyo iwe saa mbili zake za kusubiri.